Nongo Isiyokwisha

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, tepu shingoni, pini tatu mdomoni. Chumba chake kiko kichochoroni nyuma ya Marikiti, soko la hapa Mombasa, kidogo kiasi kwamba ukipimwa mlango hufungwa, ukimaliza hufunguliwa ili watu na cherehani wapate hewa. Nilikuwa nimemletea kitambaa cha zambarau na picha kwenye simu: gauni la kupamba, mgongo wazi hadi karibu na kiuno. Bintiye dadangu alikuwa anaolewa, na usiku wa kupamba ndio usiku ambao sisi wa mabuibui huonyeshana tulikuwa tumeficha nini. Harusi ilikuwa bado miezi mitatu, lakini fundi huyu ukimpelekea kitambaa kwa kuchelewa atakushonea siku ya talaka.

Akaitazama picha. Akanitazama mgongo. Akatoa pini mdomoni, moja moja, kama mtu anayejipa muda.

"Nikufunge mgongo, mwanangu? Naweza kukutilia lesi hapa. Itakaa vizuri pia."

Hakuongeza neno.

Nikamwambia tia lesi. Nikalipa nusu, nikaenda kupanda matatu ya feri ya Likoni, na njia nzima mgongo ulinichoma kana kwamba buibui limegeuka kioo.

Usiku ule nilisimama bafuni na vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi. Juu ya mifupa ya mabega kulikuwa na weusi, kila upande bonge lake. Mwingine ulikuwa kwenye mitulinga. Mwingine ulishuka na uti wa mgongo, pingili kwa pingili. Nilipoukaribia kwa tochi ya simu niliona si weusi mtupu. Ulikuwa na mistari midogo midogo, mawimbi, kama mchanga wa ufuoni maji yakishakupwa. Ulianza lini, sijui. Mgongo wako huonwa na wengine.

Na jambo la kwanza nililofanya ni lipi?

Nikachukua neti, nikasugua.

Mtoto wa kike hakai na nongo

Neti yangu ilikuwa ya kijani, ya nailoni, ndefu kama mtandio. Zinauzwa soko la Kongowea kwa bei ya vitafunio. Unaishika ncha mbili, unaipitisha mgongoni, unavuta huku na kule kama mvuvi na jarife lake. Povu linajaa, ngozi inachemka, na ukitoka hapo unajihisi umezaliwa upya. Mara mbili kwa siku: asubuhi kabla ya feri, jioni baada ya feri. Sabuni ilikuwa ile ya kuua vijidudu, yenye harufu ya hospitali, kwa sababu mtu aliyesimama kwenye feri ya saa kumi na mbili jioni, amebanwa kati ya watu, baiskeli na matenga ya kuku, hataki sabuni ya maua.

Tabia hii sikuizua. Nyanya yangu aliyenilea Mji wa Kale alikuwa na kauli moja: mtoto wa kike hakai na nongo. Alikuwa akininyoosha mkono, anapitisha kidole gumba chenye maji, na vile vijipande vya kijivu vikijiviringisha ananionyesha kama ushahidi mbele ya kadhi. "Waiona? Na wasema umeoga."

Nimekua nikiamini kwamba ngozi ni kitu kinachokusanya uchafu, na kwamba mtu muungwana hujulikana kwa kuubandua. Kiwiko cheusi ni uvivu. Goti jeusi ni uvivu. Shingo nyeusi ni uvivu wa mama yako.

Kwa hivyo nilipouona ule mgongo, nilijisikia vibaya kama mtu aliyeshikwa hajaoga. Wiki tatu nilisugua. Nikaongeza chumvi. Nikaongeza dada wa kazi, Mungu anisamehe, nikimwomba afikie pale mkono wangu usipofika. Weusi ukazidi. Nami nikazidi.

"Nionyeshe"

Kwa daktari wa ngozi sikwenda kwa ajili yangu. Nilimpeleka mwanangu wa miaka saba, aliyekuwa na choa kichwani, duara mbili zenye magamba na nywele zilizokatika. Nilikuwa nimeshampaka kila kitu cha kupaka. Daktari, msichana mdogo ambaye ningeweza kuwa dadake mkubwa, alinieleza kwa upole kwamba choa cha kichwa huingia hadi kwenye shina la unywele, ambako dawa ya kupaka haifiki. Kinataka dawa ya kumeza, wiki kadhaa, na mashine ya kinyozi isafishwe kabla haijahamia kichwa kingine. Sawa. Nikaandikiwa dawa. Nikasimama. Nikafika mlangoni.

Nikarudi.

"Daktari, na mimi je? Nina kitu mgongoni."

Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Akauliza kama huwasha. Nikasema sana, hasa msimu wa joto harara zikinitoka. Akauliza najisugua na nini. Nikamtajia sabuni.

"Sikuulizi sabuni, mama. Unajisugua na nini? Nionyeshe."

Basi nikasimama katikati ya chumba cha daktari, mikono juu, nikavuta neti ambayo haikuwepo. Huku na kule. Mtoto akacheka. Daktari hakucheka. Alikuja nyuma yangu na kwa ncha ya kalamu, bila kunigusa sana, akafuata njia ya neti: bega la kushoto, uti wa mgongo, bega la kulia. Kila palipo na mfupa chini ya ngozi, palikuwa peusi. Palipo na nyama, ambapo neti huzama na kupita laini, palikuwa rangi yangu ya kuzaliwa.

"Hiyo si nongo," akasema. "Hiyo ni neti."

Nilivyokataa kuamini

Nitasema ukweli, nilitoka pale nimekasirika. Mtu anaweza kuambiwa mgongo wake mweusi kwa sababu haogi, akaona haya, akaenda kuoga. Lakini kuambiwa mweusi kwa sababu unaoga mno? Ni kama kuambiwa mtoto amefeli kwa sababu ya kusoma.

Alichonieleza nimekikalia siku nyingi, na mwisho kilichonisaidia kukielewa ni nyumba ya nyanya. Waliolelewa Mji wa Kale wanazijua zile kuta: vipande vya jiwe la matumbawe vimepangwa, katikati chokaa. Ngozi ya juu kabisa, ile tunayoigusa, imejengwa hivyohivyo. Mawe ni seli zilizokufa, bapa, zimepandana. Chokaa ni mafuta ya mwili wenyewe yaliyojaza nafasi kati yake. Ukuta wote huo, sehemu nyingi za mwili, hauufiki unene wa karatasi ya daftari, lakini ndio unaozuia maji ya ndani yasitoke na ya nje yasiingie. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda, hufa, hufika juu, hudondoka. Safari nzima huchukua kama wiki nne. Hudondoka zenyewe. Hazihitaji jarife.

Sasa vile vijipande vya kijivu ambavyo nyanya alikuwa akivionyesha kwa ushindi? Jasho limo, vumbi limo, mabaki ya sabuni yamo. Lakini kwa wingi wake ni yale mawe ya ukuta. Ndiyo maana nongo haiishi. Hata utoke kuoga sasa hivi, rudi ndani usugue, utaipata tena. Ningesugua mpaka kiyama.

Na ngozi yetu nyeusi ina namna yake ya kulalamika. Wale weupe ngozi ikiumizwa huwa nyekundu, halafu hupoa. Yetu huandika. Chunusi uliyoikamua, mbu aliyekuuma ukajikuna, mkanda wa sidiria uliobana, kila kitu huachiwa wino wake, na wino huo huweza kukaa miezi. Ukiumia palepale kila siku kwa miaka ishirini, wino huvuja ukaingia chini kabisa, kama rangi iliyopita chokaa ikaingia kwenye jiwe. Huko hakuna cha kusugua kinachofika.

Kilichonivunja ukaidi ni kujua kwamba si mimi wala Mombasa peke yetu. Huko Japani, taifa la watu wanaopenda kuoga kuliko hata sisi, madaktari waliandika tangu miaka ya 1980 kuhusu weusi wa namna hii juu ya mitulinga, mbavu na mabega, kwa watu waliokuwa wakijisugua kwa taulo za nailoni. Wasafi. Watu wa kuoga kila siku.

Nikaitazama neti yangu ya kijani ikining'inia kwenye msumari.

Sikuitupa. Bado sikuwa tayari.

Lakini nyanya alikuwa na dodoki

Hili ndilo lililonisumbua usiku. Nyanya alifariki amepita miaka themanini na mgongo wake, niliouosha mimi mwenyewe alipokuwa hajiwezi, ulikuwa laini kama halua. Naye alijisugua maisha yake yote. Basi daktari asemeje?

Nikakaa nikakumbuka vizuri, sio kukumbuka kwa mapenzi. Dodoki lake lilikuwa limeota uani, likikauka anamenya, anatoa mbegu, na kabla ya kulitumia huliloweka mpaka lilainike. Lilitumika Ijumaa. Siku nyingine ni maji, kiganja na sabuni kwapani na miguuni. Akimaliza, ngozi ingali na unyevu, mafuta ya nazi. Na siku za sherehe liwa, iliyosagwa kwenye jiwe na kukorogwa na marashi, inayokaa mwilini na kubanduliwa kwa mkono, si kwa vita.

Mara moja kwa wiki, na kitu kilicholainishwa. Mimi mara kumi na nne kwa wiki, na nailoni.

Tulikuwa tukisema neno moja, kusugua, tukimaanisha vitu viwili.

Msidhani nawaletea habari ya ya kale dhahabu. Nyanya huyohuyo aliosha uso kwa sabuni ya kipande, ileile ya kufulia shuka. Ngozi yetu ina uchachu kidogo, kwenye kile kipimo cha uchachu ipo kama 5. Sabuni ya kipande iko upande wa pili, 9 hadi 10. Kila ukiipaka usoni unalainisha chokaa ya ukuta, na saa kadhaa hupita kabla ngozi haijajirudisha. Pia alitupaka dawa ya meno kwenye chunusi, ikawaka, ikaacha doa kubwa kuliko chunusi yenyewe. Na aliamini kwamba wembe uliokwisha kunyoa ndevu za babu hauna neno. Ulikuwa na neno.

Kisha kuna maji, ambayo nyanya hakuwa na la kufanya juu yake na mimi pia sina. Mji huu umekaa juu ya jiwe la matumbawe, na kisima ukichimba unapata maji mazito, yaani yenye madini ya chokaa, mara nyingine ya chumvi. Nyumbani kwangu Likoni bomba hutoka siku linapotaka. Siku zilizobaki ni kisima au mitungi ya mkokoteni. Maji mazito hayataki povu. Unaongeza sabuni. Sabuni na yale madini ya maji hushikana, hugeuka kitu cha kunata kinachobaki juu ya ngozi, na unapokausha mwili unasikia umekakamaa. Sisi tulikuwa tukiita hali hiyo "kutakata". Siku hizi mtungi mmoja wa maji ya bomba nimeutenga kwa kusuuza tu, nyumba nzima inajua, na anayeupikia chai tunagombana.

Kwa upande wa udhu, niliuliza, kwa sababu najua mtaniuliza. Maji matupu mara tano kwa siku si tatizo. Tatizo ni kuacha katikati ya vidole vya miguu na unyevu halafu ukavaa soksi.

Siku bila neti

Siku ya kwanza nilioga kwa mkono. Nilitoka nikajihisi nimedanganya.

Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilijinusa kwenye feri, kwa siri, nikigeuza shingo kama naangalia meli inayoingia. Sikunuka. Harufu hutoka kwapani, kwenye kinena, miguuni, pale jasho zito na vijidudu hukutana. Mgongoni jasho ni maji na chumvi, huondoka kwa maji. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na tisa nikipiga vita mahali pasipokuwa na adui.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuwashwa. Joto la Januari na Februari mnalijua, halina haja ya maelezo. Dera la poliesta, sidiria iliyolowa, harara, kuwasha, na neti ndiyo iliyokuwa mkuno wangu. Sasa neti haipo. Daktari aliniambia nipoze badala ya kukuna: kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji baridi, losheni ya kalamini, feni, nguo zinazopitisha hewa. Yafaa, lakini haina ule utamu. Kukuna kuna utamu wake na asiyekubali ni mwongo.

Ndimu

Mara ukianza kutazama, huoni tena jingine.

Jumapili moja tulikwenda Mama Ngina, ufuoni, muhogo wa kukaanga, pilipili, ndimu juu, miguu ikining'inia kwenye ukuta tukitazama meli. Mtoto alitaka kukamua ndimu mwenyewe nikamwachia. Saa tisa alasiri, jua la kutosha. Siku mbili baadaye mkono wake ulikuwa na michirizi myekundu inayouma, kisha ikawa myeusi, kutoka kiganjani hadi kiwikoni, kama mtu aliyemwagiwa wino ukateremka. Mwalimu akanipigia simu. Aliuliza kwa sauti ile ya walimu, kama kuna mtu nyumbani anayempiga mtoto.

Ni ndimu na jua. Maji ya ndimu yana kitu ambacho peke yake ni kimya, lakini mwanga wa jua ukikigusa kingali juu ya ngozi huiunguza ngozi kama moto. Huonekana baada ya siku moja au mbili, kwa hivyo hakuna anayekumbuka ndimu. Alama hukaa wiki, pengine miezi. Kinga ni kunawa kwa sabuni kabla ya kukaa juani, basi.

Sasa fikirini ni wangapi kati yetu hupaka ndimu usoni kuondoa madoa, halafu hao, tumetoka kwenda mjini. Wangapi hupaka kwapani badala ya manukato. Mimi mmoja wao, tangu sekondari.

Mkono wa kulia wa mjomba

Mjomba wangu aliendesha lori kutoka bandarini hadi Malaba, mpakani na Uganda, kwa miaka isiyohesabika. Tukiwa wadogo tulikuwa tukimtania kwamba mkono wake wa kulia ni wa mtu mwingine. Mweusi tii, umekunjamana, una madoa. Wa kushoto ni wa kijana. Shavu la kulia vilevile. Alikuwa akisema ni moto wa injini.

Injini haikuwa na hatia. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Nusu moja ya uso wake ilikuwa ya mzee wa miaka mingi zaidi kuliko nusu ya pili. Ilikuwa ya kushoto, kwa kuwa huko Marekani usukani uko kushoto. Kioo cha gari huzuia ile miale inayobabua, lakini ile inayozama ndani hupita.

Ngozi nyeusi ina kinga yake, tumshukuru Mungu. Saratani ya ngozi kwetu ni adimu kuliko kwa weupe, na mikunjo huchelewa. Lakini tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Kwenye kipimo cha makali ya jua, 11 na zaidi ni daraja la juu kabisa, na adhuhuri ya Mombasa hufika huko miezi mingi ya mwaka. Kwetu jua halianzi kwa mikunjo. Huanza kwa kukoleza kila doa lililopo. Ule wino niliosema, jua ndilo linaloukaza. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni jambo la uhai kabisa, na ndiyo maana serikali huwagawia mafuta ya kukinga jua bure kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mimi nilikuwa nikiyaona kama vitu vya watalii wa Diani.

Nikanunua. Bei yake iliniuma wiki nzima, na ya kwanza iliniacha na uso kama nimepakwa unga wa muhogo. Ya pili ina rangi ya udongo ndani yake. Haionekani, na ile rangi yenyewe husaidia kuzuia mwanga unaokoleza madoa. Lakini nikiwa na haraka navaa mtandio mpana na kutafuta kivuli cha lori kwenye foleni ya feri. Kivuli ni bure.

Nilipoharibu mimi

Ningependa kumalizia kwenye mafuta ya jua, lakini kuna habari ya bi harusi.

Mwezi mmoja kabla ya harusi nilimkuta chumbani kwa mamake akikoroga. Chupa ya losheni, tyubu mbili ndogo, kijiko. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa miezi na wote tulikuwa tukisema mashallah. Nikazisoma zile tyubu. Moja ilikuwa na klobetasoli, dawa kali ya steroidi ambayo daktari huitoa kwa ugonjwa, sehemu ndogo, siku chache. Ya pili ilikuwa na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ambayo kwenye vipodozi vya kuuzwa madukani Kenya hairuhusiwi. Alizipata dukani, bila cheti, kama pipi.

Nami nilikuwa na uchungu wa mtu aliyeelimika juzi. Nikamhutubia. Ukuta, matumbawe, chokaa. Steroidi hukondesha ngozi, nikasema, mishipa inatokeza, chunusi zinakuja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mamdogo, na wewe mgongo wako je?"

Hata hivyo aliacha. Alinisikia, mtoto wa watu. Usiku uleule akazitupa zote.

Siku ya sita dadangu alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba, unachoma, umejaa vipele, hauwezi kuguswa hata na maji. Wiki tatu na siku moja kabla ya nikahi. Nilikuwa najua kwamba dawa ile ni mbaya. Sikuwa najua kwamba ngozi iliyoizoea kwa miezi ukiinyima ghafla huwaka. Ilitakiwa aende kwa daktari kwanza, apunguziwe kidogo kidogo, kwa mpango.

Nilimpeleka kwa yule msichana wa choa. Safari hiyo hakuwa mpole, na hakuwa akizungumza na bi harusi. Alizungumza nami.

Siku ya hina, kwa hivyo, nilikaa kimya kama maji ya mtungi. Ila piko. Mpakaji alileta bakuli mbili, moja ya hina ya kahawia na moja nyeusi, na wasichana wote walikimbilia nyeusi. Hina yenyewe haitoi weusi wa makaa. Hutoa rangi ya chungwa inayokolea hadi kahawia nyekundu, na hutaka saa za kukaa. Ile nyeusi ya nusu saa ni dawa ya kupakia nywele, na kemikali yake ikikukataa hukuachia malengelenge palepale maua yalipochorwa, na mwili hausahau tena maisha yote. Safari hii sikuhutubu. Nilimwuliza tu mpakaji, mbele ya mamake bi harusi, kuna nini kwenye bakuli ya pili.

"Ah, hii? Ni piko ya dukani tu, dada."

Dadangu akaisogeza mbali kwa mguu.

Kupamba

Nilikuwa nimerudi kwa fundi wiki ile ya uso, nikamwambia atoe lesi. Alinitazama juu ya miwani. Mgongo haukuwa umebadilika cha kuonekana; daktari alikuwa ameshaniambia wino wa chini hupungua polepole, mwaka au zaidi, na kuna utakaobaki. Sijui kwa nini nilitaka itolewe. Labda nilichoka kuficha kitu ambacho nilikuwa nimekiandika mwenyewe.

Neti niliikata. Nusu yake inasugulia masufuria, na kwa masufuria ni kitu bora kabisa.

Usiku wa kupamba ukumbi ulikuwa umejaa udi na asumini, taarabu imefunguliwa mpaka glasi zinatetemeka. Bi harusi alikaa kwenye kiti chake, uso umetulia chini ya poda, mikono ya kahawia nyekundu. Nikavua buibui, nikalikunja, nikasimama kumtazama.

Nikahisi kitu cha unyevu begani.

Ni shangazi yangu mkubwa, wa Lamu, miaka sabini na kitu. Alikuwa amelowesha pembe ya leso kwa mate na ananisugua, kwa bidii, kwa mapenzi yote.

"Tulia, mwanangu. Una nongo hapa."

"Si nongo, shangazi."

"Basi ni nini?"

Taarabu ilikuwa juu mno. Nikamshika mkono, nikamkalisha kando yangu. Alikaa kidogo akitazama wasichana wanaocheza. Kisha, akidhani simwoni, akageuza kiwiko chake kwenye mwanga, akakitazama, na ile pembe ya leso ikaanza kazi upya.